Fundi Mota na Mashine ya Goti la Mkewe

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, na mumewe ukamwita Fundi Mota. Majina waliyopewa na wazazi wao yalibaki kwenye vyeti, na vyeti vilikaa kabatini.

Mama Pasi alikuwa mnyoosha nguo. Kazi yake aliifanyia chumba cha mbele: madirisha mawili, sakafu ya saruji, na meza pana iliyotandikwa blanketi la zamani na shuka juu yake. Alisimama pale tangu watoto wanakwenda shule mpaka wanarudi. Makarani, walimu, wahudumu wa hoteli, mashati yao wote yalipita mikononi mwake. Alianza na kola, akaja mikono, akamalizia mgongo. Ukimwuliza kwa nini kola kwanza, atakwambia, "Mtu husalimiwa usoni, hasalimiwi mgongoni."

Fundi Mota alikuwa nyuma, bandani, akisuka mota. Kusuka mota ni kutoa waya wa shaba ulioungua ndani yake na kuzungusha mpya, mzunguko kwa mzunguko, huku unahesabu na hutaki kusemeshwa. Mota za mashine za kusaga, za pampu, za feni. Shule hakuiona. Ufundi aliupata kwa macho na kwa vidole, na siku nyingine kwa kurushwa. Umeme uliwahi kumtoa mezani ukamtupa mlangoni. Akainuka, akajipangusa, akaendelea na kazi. Mwenzake, aliyeanza naye siku moja, hakurushwa. Yeye umeme ulimshika ukakataa kumwachia. Walimzika kesho yake.

Tangu hapo Fundi Mota alikuwa na neno moja kwa kila aliyekanyaga bandani: umeme mahali pake ni kwenye waya. Ukitoka kwenye waya unatafuta mtu.

Goti la mkewe lilianza kwa sauti kabla ya maumivu. Krr, krr, kila akichuchumaa.

"Beringi imekauka," Fundi Mota akasema.

"Basi nitie grisi," mkewe akajibu.

Wakacheka. Mwaka uliofuata hawakucheka. Hospitali wakasema ni baridi yabisi, ile ya umri. Gegedu, kile kinachozuia mfupa usisage mfupa, kilikuwa kimelika. Wakampa vidonge. Vidonge vikagombana na tumbo. Akawa ananyoosha mashati kumi, anakaa. Baadaye matano, anakaa. Asubuhi aliingia chumba cha mbele kwa kushika ukuta, na ukuta ule ukaanza kupata alama ya kiganja, usawa mmoja na kitasa cha mlango.

Mkamwana wao alikuwa karani wa mapokezi kwenye zahanati. Mumewe, mtoto wao wa pekee, alikuwa mtu wa safari, leo yuko huku kesho kule. Siku moja mkamwana alikuja akasema neno ambalo Fundi Mota hakulipenda.

"Mama aje akae kwetu apumzike. Hii meza ifungwe tu."

Mama Pasi alikuwa ameshika pasi. Hakuiweka chini. "Mwanangu, mimi nikikalishwa nitaoza. Niache nisimame humu humu mpaka nishindwe."

"Lakini mama, unashindwa tayari."

Pasi ikaendelea kwenda na kurudi juu ya shati. Fundi Mota aliyasikia yote kutoka bandani. Alijua maneno yale maana yake nini. Goti likipata nafuu, mkewe atabaki. Lisipopata, atachukuliwa, na yeye atabaki na mota zake na sufuria moja.

Wiki haikuisha, mkamwana akarudi na kiboksi.

"Mama, nimekuletea kitu. Kinatuliza maumivu ya viungo. Pale kazini wanawafanyia watu kila siku. Kinatumia umeme mdogo."

Fundi Mota akatokea mlangoni, mikono imeganda vanishi. "Umeme gani?"

"Shikamoo baba. Mdogo tu. Wa betri."

"Marahaba. Betri ya lori nayo ni betri."

"Hizi ni zile za saa ya ukutani, baba. Mbili."

"Na ukishaingia mwilini unatokea wapi?"

Mkamwana akageuza kiboksi huku na huku kana kwamba jibu limeandikwa ubavuni. "Unaingia kwa waya huu, unatokea kwa huu."

"Kwa hiyo katikati, mke wangu ndiye waya."

"Mimi ni waya tangu uliponioa," Mama Pasi akasema, tayari amepandisha gauni mpaka juu ya goti. "Mwanangu, bandika."

Kimashine kilikuwa ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea. Kilitoa nyaya mbili, kila moja ikagawanyika mara mbili, na mwisho wa kila mkia kulikuwa na pedi nyeupe, laini, yenye kunata. Mkamwana akabandika mbili juu ya goti na mbili chini yake, akazungusha kigurudumu taratibu. Mama Pasi akashtuka. Kisha akaanza kucheka.

"Sisimizi! Mzee, wanatembea!"

"Leo sisimizi," Fundi Mota akasema, "kesho siafu."

Baada ya nusu saa pedi zikatolewa. Mama Pasi akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Ukuta hakuugusa.

"Limepungua."

"Limepungua au limekufa ganzi?"

"Hata kama ni ganzi, ni ganzi yenye adabu."

Fundi Mota akarudi bandani, lakini hesabu ya mizunguko ilimpotea mara mbili. Alikuwa anawaza. Mkamwana ndiye anayetaka mama ahame. Mama akipona hahami. Sasa mtu anayetaka uhame ataleta vipi kitu cha kukufanya ubaki? Labda hakiponyi. Labda kinalimaliza goti mapema, lifike mwisho, yaishe. Mtu mwenye wasiwasi hakosi hesabu. Chochote utakachompa kitajumlika.

Kesho yake mchana, mkewe akiwa amejilaza, alikichukua kimashine akakipeleka bandani. Akakipima kwa mita. Mshale ukatetemeka, ukarudi, ukatetemeka tena. Hakuupenda umeme ule. Umeme anaoujua yeye unakaa, unasomeka. Huu ulikuja na kuondoka, kama mtu anayechungulia dirishani kwa watu.

Halafu akazitazama pedi. Zilikuwa zimeshika nyuzi za blanketi, vumbi na unywele mmoja mweupe wa mguuni. Hapo kichwa chake cha ufundi kikachukua usukani. Kazi yote ya umeme ni mguso. Bati likigusana na bati safi, umeme unapita salama. Likigusana na uchafu, panapata moto, na nyumba za watu huteketea kwa uchafu usiozidi ukucha. Fundi akikuta uchafu kwenye mguso haulizi mtu. Anachukua msasa.

Akachukua msasa. Akazipara zote nne, polepole, mpaka ule ute wa kunata ukatoka wote na chini yake kikaonekana kitu cheusi, kikavu, kisafi. Akazifuta kwa kitambaa chenye petroli. Akazipuliza. Alifanya kwa nia njema, hilo lazima lisemwe. Aliona kwamba kama ni lazima mkewe aunganishwe, basi aunganishwe vizuri.

Jioni Mama Pasi akaketi kwenye kiti chake. "Mbona hazinati?"

"Vitu vya siku hizi havidumu," akasema Fundi Mota, akazifunga gotini kwa utepe wa pamba, ule anaofungia koili za waya.

Mama Pasi akazungusha kigurudumu hadi pale pale pa jana.

Mguu ukajirusha wenyewe, ukapiga stuli, stuli ikaenda mpaka chini ya meza. Mama Pasi akapiga ukelele uliomtoa jirani nje. Fundi Mota akang'oa nyaya kwa mkupuo mmoja. Kwenye ngozi kulibaki madoa manne mekundu, kama mtu amegusishwa sindano ya moto.

"Nilisema," Fundi Mota akasema.

"Ulisema," mkewe akajibu, akifuta machozi kwa upindo wa gauni.

Hakuna neno tamu mdomoni mwa mzee kuliko hilo. Alilitembeza mtaani wiki nzima. Kwa kinyozi alilisema mara tatu kwenye kichwa kimoja.

"Wanataka kumwunganisha mke wangu kwenye nguzo," akasema.

"Basi uwe unawasha taa kwake, Fundi," kinyozi akasema. "Utaokoa balbu."

"Cheka tu. Goti si lako."

Mkamwana alipokuja kutazama madoa, aliyatazama muda mrefu. "Mbona kazini hawaungui?"

"Labda kazini kwenu mnabandika magogo," Fundi Mota akamjibu.

Mkamwana akaaga. Kimashine kikapanda juu ya kabati. Mama Pasi akarudi kwenye ukuta wake.

Siku chache baadaye mkamwana alipita tena wakati wa kutoka kazini. Mama Pasi alikuwa kwa jirani. Mkamwana akaenda moja kwa moja bandani, akamkabidhi Fundi Mota pakiti kwa mikono miwili.

"Baba, labda zile pedi zilikuwa mbovu. Hizi mpya. Naomba mjaribu. Mara moja tu."

Alipoondoka, Fundi Mota akaifungua pakiti. Aliifungua kwa kutaka kuona hila. Akakuta pedi nne, zimelala juu ya karatasi ya nailoni. Akabandua moja. Ilikuwa nene, ina unyevu, inateleza na kunata kwa wakati mmoja kama ute wa bamia. Akakitoa kimashine kabatini. Akabandika pedi mbili mpya kwenye mkono wake, akazungusha kigurudumu kidogo.

Sisimizi. Akaongeza. Sisimizi wengi. Akaongeza tena, mpaka vidole vikacheza vyenyewe, na bado hakuna kilichochoma.

Akazitoa. Akafunga zile za zamani alizozipara. Akazungusha kigurudumu kidogo tu, robo ya pale alipofika mwanzo. Sindano ikamchoma mpaka akauma mdomo.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Ndani ya baadhi ya mota mna vijiti vidogo vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye kile kinachozunguka. Fundi akiweka kaboni mpya, lazima ikae kwa uso wake wote. Ikigusa kwa pembe tu, umeme wote unabanana hapo padogo, unatoa cheche, unaunguza. Hilo Fundi Mota alilijua kabla hajaota ndevu. Ule ute haukuwa uchafu. Ule ute ndio uliokuwa uso wa kukalia. Aliuondoa yeye, kwa mkono wake, kisha akamfunga mkewe kwenye pembe.

Dawa ilikuwa mkononi: kubandika mpya, kusema nimekosa. Kazi ya dakika moja. Badala yake alikunja pakiti, akaitia kwenye kopo la skrubu za zamani, akafunika kifuniko, akarudisha kimashine juu ya kabati kilipokuwa na pedi zake zilizoparwa. Kesho, alijiambia. Leo amechoka.

Kesho yake neno likawa zito zaidi. Mtaa ulikuwa umeshashiba "nilisema." Na Mama Pasi mwenyewe, mkamwana alipoulizia kama walijaribu tena, alijibu kabla mumewe hajafungua kinywa: "Usihangaike mwanangu. Mzee aliniambia mapema, ni mimi sikusikia." Akamtazama mumewe kwa heshima. Heshima ile ilimshuka Fundi Mota kama jiwe, lakini aliimeza. Mkamwana naye akamwangalia, akitegemea atataja pakiti. Hakuitaja. Mkamwana akadhani wazee wamejaribu, wameshindwa, wanaona haya. Akanyamaza.

Ikapita wiki. Ikapita ya pili. Sasa Fundi Mota hakumshuku mkamwana tena, alijishuku mwenyewe, na hiyo ni kazi mbaya zaidi kwa sababu mshukiwa hana pa kwenda. Kila mkewe alipoguna chumba cha mbele, aligonga nyundo bandani hata kama hakuna cha kugonga.

Wiki ya tatu Mama Pasi aliunguza shati la mwalimu. Alikuwa ameegemea meza kulipunguzia goti uzito, pasi ikakaa mahali pamoja. Miaka yote ile, hajawahi. Akaketi na shati mapajani, doa la kahawia limekaa kifuani lina sura ya pasi.

"Labda mtoto ana haki," akasema. "Labda niende nikakae kwao."

Fundi Mota alikuwa amesimama mlangoni. Maneno yalimfika mpaka kwenye meno. "Shati moja tu hilo," akasema, akarudi nyuma.

Mkamwana ndiye aliyepanga waonane na mtaalamu wa viungo pale zahanati, na akasema kimashine kiletwe. Wakaenda watatu. Mtaalamu alikuwa mama mnene mwenye mikono mikubwa, mtu wa kucheka. Alilikunja goti, akalikunjua, akasikiliza ile krr. Kisha akavuta kimashine, akageuza pedi. Kicheko kikakatika.

"Hizi zimekufa kabisa. Nani alinunua?"

"Mimi," mkamwana akasema.

"Dukani au barabarani? Maana kuna watu wanauza vitu vya ajabu siku hizi. Hii haina ute hata kidogo. Hii ni kumchoma mtu."

"Dukani," mkamwana akasema, sauti imeshuka. "Zilikuwa nzima. Mama, si ulisema siku ile ya kwanza ulijisikia vizuri?"

Mama Pasi alimtazama mkamwana kuanzia viatu mpaka kilemba. Fundi Mota aliyaona macho yale akayatambua. Yalikuwa macho yake mwenyewe. Aliyaleta yeye nyumbani, akayalisha, na sasa yamehamia kwa mkewe.

"Siku ya kwanza vizuri, ya pili moto," Mama Pasi akasema polepole. "Na ni wewe unayetaka sana nihame."

"Mama!"

"Nasema ninachokiona."

Mkamwana akainamisha kichwa. Machozi yakamjaa.

"Nilizipara mimi," Fundi Mota akasema.

Wote watatu wakamgeukia.

"Ulizifanyaje?" mtaalamu akauliza.

"Nilizipara. Nilidhani ni uchafu."

"Kwa kitu gani, kwa kisu?"

"Kwa msasa." Akaongeza, kana kwamba itasaidia: "Ule laini."

Mtaalamu akacheka mpaka akashika ukingo wa kitanda cha wagonjwa. "Baba yangu! Thelathini nimewatibu mwezi huu, na wa msasa ndiye wewe!"

Mama Pasi naye alianza kutabasamu. Fundi Mota aliona lile tabasamu, akajua anaweza kuishia hapo. Mzee kakosea, watu wamecheka, wamerudi nyumbani.

"Na mpya zipo," akasema. "Huyu mtoto alinipa. Nikazijaribu mkononi mwangu, nikaona ni nzima, nikajua kosa ni langu. Nikazificha kwenye kopo la skrubu. Wiki ya tatu hii."

Hakuna aliyecheka tena.

Mtaalamu akafanya kazi yake, kwa sauti ya chini. Alitoa pedi nyingine kwenye saraka, akabandika, akaeleza. Mishipa ya fahamu ni kama njia. Yale mawimbi madogo yakitembea njiani, maumivu yanapata msongamano, hayafiki kichwani kwa nguvu ile ile. Haiponyi gegedu, akasema. Asidanganywe na mtu. Wengine inawasaidia sana, wengine kidogo, wengine haiwasaidii hata kidogo. Mtu mwenye kifaa cha moyo kifuani asiiguse. Na isibandikwe shingoni kwa mbele, wala kifuani. Kazi yake ni kukupa nafasi utembee, ufanye mazoezi, maana goti linalokaa ndilo linalokufa. Pedi zikichafuka, tone la maji kwenye kidole, zipanguswe, zikauke, zirudi kwenye nailoni yake.

"Umesikia, Fundi?" akasema.

"Nimesikia."

Nje ya zahanati Mama Pasi alimshika mkamwana mkono. "Mwanangu, nimekutukana mbele ya mtu. Nisamehe." Mkamwana akasema yamekwisha, mama. Wakatembea wawili mbele, mmoja akimshikilia mwenzake. Fundi Mota akafuata nyuma amebeba kiboksi.

Kwake yeye Mama Pasi hakusema kitu. Hakugomba, hakununa kwa kelele. Chakula kilipikwa. Lakini nguo za mtaa mzima zilinyooshwa, za mumewe zikakaa kwenye beseni. Fundi Mota akatoka akiwa kama karatasi iliyotafunwa.

"Fundi," kinyozi akamwita, "pasi imeungua nyumbani?"

"Imeungua."

"Si uitengeneze? Wewe si fundi?"

"Hiyo siiwezi," akasema, akapita.

Kila alasiri alimbandikia pedi, kwa sababu mkewe kuinama kulimshinda. Alipiga magoti kwenye saruji ileile, akafuta ngozi kwa kitambaa safi, akabandika, akakagua, akakagua tena. Mkewe alimpa maneno matatu kwa siku. "Weka." "Pandisha." "Basi." Siku ya tatu alisimama mashati manane. Siku ya sita, kumi na mbili. Maneno yalibaki matatu.

Siku ya tisa, sisimizi wakiwa wanatembea, Mama Pasi akasema, "Wiki zote zile ulikuwa unawaza nini?"

Fundi Mota alikuwa bado chini. "Nilikuwa nawaza kesho."

"Kesho gani?"

"Kwamba kesho nitakwambia."

"Zikapita kesho ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Ulikuwa unahesabu?"

"Mimi ni mtu wa kuhesabu."

Mama Pasi akatikisa kichwa. "Mimi nasimama kwa mguu mmoja, wewe uko kule nyuma unahesabu kesho. Mtoto wa watu nusura nimfukuze. Na kama yule mama asingeuliza, ungefika ngapi?"

Alitaka kusema ishirini. Alitaka kusema ile ndiyo ingekuwa ya mwisho. Lakini hakuijua ile namba, na alikuwa amechoka kusema asichokijua.

"Sijui," akasema.

Mama Pasi akazima mwenyewe. Akabandua pedi, akazilaza kwenye nailoni, akainuka. Akatoa shati lake moja kwenye beseni, akalinyunyizia maji. Akanyoosha mikono, akanyoosha mgongo. Kola akaiacha ilivyo, akamtupia.

Alilivaa hivyo hivyo.

Mama Pasi alisimama kwenye meza yake miaka miwili na miezi kadhaa zaidi. Goti halikupona. Asubuhi lilikuwa gumu kama mlango uliolowa, na siku za baridi kimashine hakikufaa kitu, naye alisema wazi, "Leo hakuna kitu, toa." Lakini siku nyingi kilimpa saa mbili, tatu. Ndani ya saa hizo alinyanyua mguu mara kumi akiwa amekaa, alivyofundishwa, akazunguka nyumba, akanyoosha. Habari ya kuhama haikutajwa tena. Mkamwana alileta sare za watoto wake zinyooshwe pale, akakaa mlangoni kupiga domo na mkwewe mpaka jua lipungue. Na mashati ya Fundi Mota, baada ya muda, yalianza kunyooshwa na kola zake. Siku ya kwanza ilikuwa lini hakuiona. Aligundua tu amevaa.

Mama Pasi akafa kwa kifua. Homa, kikohozi, siku nne wodini, basi. Goti halikuhusika, na daktari alisema hivyo mbele ya mtoto wao na mkamwana.

Lakini msibani watu hawasikii daktari. Siku ya tatu nyumba imejaa, wakwe, majirani, wateja wa mashati, kinyozi amekaa kizingitini. Dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mrefu asiyezunguka maneno, akamgeukia Fundi Mota mbele ya wote.

"Shemeji. Ule umeme mliokuwa mnamtia kila siku. Usiniambie haukumfanya kitu."

Vikombe vikatulia. Watu wakatazama sakafu, kisha, mmoja mmoja, wakamtazama mkamwana, maana ilijulikana nani alileta kimashine. Mkamwana alikuwa ameshika sinia la vikombe. Halikuwa na pa kuwekwa.

Fundi Mota akainuka. Ilimchukua muda. Angeweza kusema daktari kasema kifua, akakaa. Ilikuwa kweli na ilikuwa fupi, na yeye ni mtu wa maneno mafupi.

"Umeme haukumdhuru, shemeji," akasema. "Wala huyu mtoto hakumdhuru. Alichomletea mama yake kilikuwa kizuri. Nilikiharibu mimi kwa msasa, mke wangu akaungua. Nikajua nimekosa. Nikaficha. Siku kumi na tisa alisimama kwa maumivu na mimi ninayo dawa kwenye kopo. Kama mnatafuta mtu, ni mimi. Ila kilichomuua ni kifua."

Kinyozi alikuwa anatazama mikono yake.

Dada mkubwa alimwangalia. Kisha akauliza, na sauti haikuwa ya kesi tena.

"Alikusamehe?"

"Sijui."

"Miaka miwili mnalala nyumba moja, hujui?"

"Sikumwuliza."

"Kwa nini hukumwuliza, shemeji?"

"Niliogopa atanijibu."

Shemeji yake akashusha pumzi. Akamwambia mkamwana aweke sinia, akae. Kisha akasogea kwenye benchi, kidogo, akapapasa mbao pale palipobaki.

"Kaa basi," akamwambia.